Kidole Tumbo cha Bwana Masharti

Mgonjwa alikuwa ameshachomwa sindano ya ganzi mgongoni, tumbo limepakwa dawa ya kahawia mpaka chini ya kifua, ndipo alipouliza swali ambalo halijawahi kuulizwa na mtu aliyelala juu ya meza ile.

"Cheti chako kiko wapi?"

Tabibu, aliyekuwa amenyoosha mkono apewe kisu, akaurudisha. Wauguzi wakatazamana juu ya barakoa. Kwenye kioo kidogo cha mlango pua zilikuwa zimebanana: dereva wa gari la wagonjwa, mpishi, mfua mashuka, na fundi umeme aliyekuwa akibadilisha taa moja tangu asubuhi.

Mgonjwa walimjua. Alikuwa ofisa wa mfuko unaosomesha madaktari wa upasuaji katika nchi zilizopungukiwa nao. Alikuwa ametua jana tu, na wauguzi walishampachika jina la Bwana Masharti, maana hata chai hakuinywa mpaka alipoelezwa utaratibu wake. Alikuja kukagua kama hospitali ina shida ya daktari wa upasuaji. Akazunguka wodi zote, akakuta watu wanapasuliwa na wanapona, akaandika: "Shida haipo." Kabla hajaweka nukta, kidole tumbo kikamkunja katikati ya korido.

"Cha kupasua sina, mzee," alisema tabibu, ambaye mji mzima ulimwita Mama Kisu. "Cheti changu ni cha kutibu homa na vidonda. Kupasua nilifundishwa na daktari mkongwe kabla hajastaafu. Mwaka wa nane huu naomba nafasi kwenu mnisomeshe, mnaninyima."

"Kwa sababu gani?"

"Mara ya kwanza mlisema sina uzoefu. Mara ya mwisho mkasema umezidi."

Barua zote mbili za kumkatalia alikuwa ameziandika Bwana Masharti mwenyewe.

"Sasa mimi siwezi kukatwa na mtu asiyetambuliwa," alisema. "Fomu ya bima nitaijazaje? Mwenye cheti yuko wapi?"

"Safari ya siku mbili kwa gari," alijibu muuguzi mkuu. "Na hicho kidole tumbo hakikufikishi kesho."

"Basi tumtambue hapa hapa. Nileteeni mkoba wangu."

"Mzee, wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo," alisema muuguzi. "Na la kwako limeshaumia."

"Ningekukata kwanza," Mama Kisu alimuunga mkono. "Hayo ya karatasi tungeyamaliza ukiwa wodini, umeegemea mto."

"Karatasi kwanza. Sisi ndivyo tunavyofanya kazi."

Mahojiano yakaanza, mhoji amelala chali, fomu iko juu ya kifua, muuguzi anamshikia asije akaiangusha. Akamuuliza anajiona wapi baada ya miaka kumi. Mama Kisu akasema hapa hapa, ila akiwa na cheti na taa ya pili. Akamuuliza udhaifu wake.

"Nikishaahidi, mzee, sijui kugeuka."

"Huo si udhaifu," alisema Bwana Masharti, akaweka alama ya vema.

Mlangoni mpishi alikuwa akiwasimulia waliokosa kioo. "Anaandika... anatikisa kichwa... hapana, ni nzi tu anamfukuza... haya, kapata. Jamani, kapata."

"Umefaulu," alisema Bwana Masharti. "Masharti ni kumi na moja, nimeyatunga mwenyewe. Ukivunja moja tu, nafasi inakwenda kwa anayekufuata, na jina lako halisomwi tena. Soma, usaini."

Mama Kisu akasoma. Akarudi juu, akasoma tena, polepole, kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia.

"Mzee, una hakika? Kalamu haina miguu, haitatukimbia. Nikukate kwanza."

"Dada, usinifundishe kazi yangu. Miaka minane umeitaka, leo unaletewa mkononi unaleta maringo?"

Akasaini. Bwana Masharti naye akasaini, akagonga muhuri juu ya tumbo lake mwenyewe kwa kukosa meza. Nje vigelegele vikapasuka. Mfua mashuka akamkumbatia fundi umeme bila kujua ni nani. Mgonjwa akashusha pumzi, akalegeza mabega. Hatimaye alikuwa mikononi mwa mtu anayetambuliwa.

"Haya, daktari," alisema, akafumba macho. "Kazi kwako."

Muuguzi akamletea Mama Kisu glovu nyingine safi. Hakuzivaa. Akavuta shuka taratibu, akamfunika mgonjwa mpaka kidevuni.

"Sharti la sita, mzee: kuanzia dakika ya sahihi, mfadhiliwa hashiki kisu mpaka ahitimu," alisema, machozi yakimlenga. "Miaka mitano ya masomo si mingi. Nikirudi, wa kwanza ni wewe."