Sauti ya Mume Kwenye Simu

Siku hizi hupigi kura kabla hujavalishwa kofia inayokufanya uishi saa moja ya mtu aliyebanwa na sheria inayopigiwa kura. Saa hizo hutolewa na wenyewe, kwa hiari. Ijumaa hiyo tuliulizwa kama mwanamke aendelee kungoja saini ya mumewe ndipo apasuliwe wakati wa uzazi. Nilikwenda kusema ndiyo. Mume ni mume.

Kofia ikaniweka kwenye kitanda cha uzazi. Sikujua mwili unaweza kubeba maumivu makubwa vile na bado ukamwomba nesi radhi kwa kupiga kelele. Nesi akampigia mume simu.

"Nakuja, dada. Namalizia kupakia viazi."

Sauti ilikuwa yangu.

Nikapiga kura ya hapana. Sinagogini tunafundishwa kwamba uhai hutangulia hata Sabato. Mimi nilitanguliza viazi.

Nyumbani nilimkuta mke wangu Tirza akiwasha mishumaa ya Sabato.

"Baba Asheri, wamekupa saa ya nani?"

"Ya mwanamke fulani."

"Alipona?"

"Alipona."

Akafunika macho kwa viganja aombe, kama kila Ijumaa. Alikaa hivyo muda mrefu mno, nami sikuthubutu kuketi.