Salamu za Rukia kwa Usemi wa Taarifa

Sauti za watu haziruhusiwi tena kuvuka mipaka. Mashine huwasikiliza walio ng'ambo, kisha huripoti maneno yao kwa Kiingereza. Ndiyo maana Bi Saumu wa Tanga alijifunza sarufi ya Kiingereza uzeeni.

Jumapili mashine iliripoti kwamba bintiye aliye ng'ambo, Rukia, alisema alikuwa anampenda.

"Alikuwa?" Bi Saumu alishtuka. "Kwani sasa hanipendi?"

"Ni kanuni tu ya Kiingereza, shangazi," alisema Mwanakombo, binti wa kaka yake na mwalimu wake wa sarufi. "Usemi ukiripotiwa, wakati uliopo hugeuka uliopita."

"Na siku akiacha kweli, nitajuaje?"

Bi Saumu akaisogelea mashine.

"Mwambie mwanangu nampenda."

"Nitamwambia," ikajibu, "kwamba ulikuwa unampenda."