Breki za Tela la Thadei

Ngumi ya kwanza ilitua mdomoni. Thadei, dereva wa trekta, akaanguka chali kwenye mpunga uliomwagika, na Bartolomeo akamkalia kifuani.

"Umeniulia mwanangu!"

Hatua kumi kutoka hapo Agatha, binti wa Bartolomeo wa miaka kumi na sita, alikuwa amelazwa na kufunikwa kitenge. Alikuwa amepanda juu ya magunia hamsini kwenye tela la Thadei. Kwenye mteremko wa kuingia Usevya tela likaanza kulisukuma trekta, likalipinda, likapinduka, na yeye akabaki chini yake. Wenzake waliruka. Yeye hakuwahi.

Watu walikuwa wameshafika na fimbo, mawe na mapanga. Mwaka huo wa 1996 kazi ya shamba ilikuwa inatafutiwa vibarua, lakini kazi ya namna hii haikukosa watu.

"Nyie, subirini!" Zablon, fundi wa matrekta, alitambaa chini ya tela. "Trafiki akija kutoka Mpanda ataanza na breki. Sheria inataka tela kubwa hivi liwe na breki zake lenyewe. Kama Thadei aliliendesha bila breki, atafungwa. Msimuue!"

Alitoka huko chini amejaa grisi, uso umebadilika.

"Bomba la shaba la breki halipo. Limekatwa kwa msumeno. Mkato bado unang'aa."

Umati ukanguruma. Thadei akajiinua kwa kiwiko, damu inamchuruzika kidevuni.

"Sio mimi jamani! Jana lilikuwepo. Usiku tela lililala kwa..."

Bartolomeo akamvunja meno kwa jiwe.

Hakuna aliyemzuia. Nani angemshika mkono mzazi ambaye maiti ya mwanawe iko pale pale?

"Baba Agatha, nakuomba, mwache aseme," Zablon alisihi.

Thadei alikuwa hawezi tena kusema. Akainua mkono, kama mtu anayetaka kuwaonyesha kitu. Bartolomeo akampokonya jirani panga, akaukata. Hapo wengine nao wakaingia, na haikuchukua muda. Zablon aligeukia upande wa pili akalia kwa aibu, maana wote aliwajua kwa majina.

Wakambeba Agatha hadi kwao. Wanawake walikuwa wameshajaa uani wakilia. Bartolomeo akapita katikati yao akipewa pole. Mzee mmoja akammiminia maji anawe damu. Hakuna aliyeona ajabu alipokwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba.

Mkewe, Marsela, alikuwa amekaa peke yake kando ya pipa la kupikia gongo, macho makavu.

"Thadei kasema?"

"Hakusema."

Marsela akachomoa kwenye pipa bomba la shaba ambalo mumewe alimletea jana usiku, mkato wake bado unang'aa, akalitupa miguuni pake.

"Haya. Zika hilo kwanza, ndipo umzike mwanangu."