Mayai Sita Mengine

Mke wa mwanawe alinusa bakuli, akapitisha kidole ndani, akalirudisha mezani.

"Nimelinunua juzi, mwanangu," bibi alisema. "Halijawahi kugusana na ngano."

"Sijasema kitu, Mama."

Alifungua kabati la juu, kisha la chini, na bibi akasimama kando na mwiko mkononi kama mtu anayepekuliwa na polisi. Alikuwa ameoka mikate kazini miaka thelathini na mmoja, mpaka akawa mkuu wa zamu. Leo, jikoni kwake mwenyewe, haaminiwi hata kwa bakuli.

Alikuwa hoi. Wiki nzima amesugua rafu, droo na nyufa za meza. Unga wa ngano, wa mahindi, hata mchele, vyote amewagawia majirani. Yote hayo kwa ajili ya mjukuu wake wa pekee, wa miaka saba, aliyeitwa Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Nafaka ilikuwa adui wa mtoto huyo, na ngano ndiyo mbaya zaidi.

Miaka miwili iliyopita ngano ilimlaza hospitali, baada ya mtoto kushinda hapahapa kwa bibi. "Ni mimi," bibi alimwambia mkwewe kwenye korido ya wodi. "Nilimpa biskuti. Nilisahau." Tangu hapo Kasuku hakulala tena kwa bibi yake. Aliletwa kwa saa mbili tatu tu, na chakula chake kwenye kontena, kisha akarudishwa.

Leo ulikuwa mtihani. Bibi apike kifungua kinywa mbele ya mkwewe, na mkwewe akiridhika, Kasuku atabaki likizo nzima. Kitanda kidogo kilikuwa kimeshatandikwa.

Alikuwa anapika wafo, zile keki bapa zenye vishimo vya mraba, lakini za unga wa nazi. Na unga wa nazi hauna adabu za ngano. Ukipima kwa mazoea unapata saruji. Nusu kikombe tu, na kinataka mayai sita. Bibi alikoroga, akamimina kwenye mashine, akaifungua mapema kwa haraka ya mikono ya zamani. Wafo ikachanika, nusu juu, nusu chini. Nyingine zikafanya vilevile. Machozi yakamlengalenga, akajifanya ni mvuke.

"Si neno, Mama," mwanawe alisema mlangoni. Huyu alikuwa mtu wa amani. Mama yake na mkewe wakiwa chumba kimoja, yeye huchezea funguo za gari. "Mayai yameisha? Mimi na Kasuku tunakimbia dukani. Dakika mbili."

"Usimnunulie kitu," mkewe alisema.

"Mimi tena?" Akacheka, akamshika mtoto mkono, wakatoka. Kasuku alisikika akiongea ngazi zote mpaka chini.

Dakika mbili zikawa nusu saa. Wanawake wawili walibaki na mashine yao.

"Mama, mimi sikuchukii," mkwewe alisema. "Ila nikikumbuka ile sindano mkononi mwake, nashindwa."

"Najua."

"Afadhali baba yake siku hizi amejifunza. Kabla ya hospitali alikuwa akimpa keki kwa siri, nikamwambia, ukirudia tena, mimi na mtoto tunaondoka. Basi hajarudia."

"Hajarudia," bibi alisema, akaendelea kukwangua.

Walirudi. Mwanawe aliweka trei ya mayai mezani huku akipiga mluzi. Kasuku alikwenda moja kwa moja kwenye kiti, akabana mikono katikati ya mapaja, akatulia tuli.

Safari hii bibi aliuacha unga unywe mayai dakika tano. Hakuifungua mashine mpaka mvuke ulipokata kabisa. Wafo ikatoka nzima, ya kahawia, kingo zake zimekauka vizuri. Akaipambia vipande vya ndizi na asali.

Mkwewe alionja kwanza. Alitafuna polepole, akakata kipande kingine, na kingine, mpaka sahani ikabaki nyeupe.

"Mama," alisema, na sauti yake ikalegea, "hii ni tamu. Begi lake liko kwenye gari. Likizo nzima."

Miaka miwili bibi alikuwa ameyasubiri maneno hayo, na sasa yalipokuja alitamani tu kwenda kulala. Akamwekea mjukuu wake wafo iliyo nzuri kuliko zote.

"Kula basi, Kasuku."

"Nimeshiba." Lilikuwa neno lake la kwanza tangu arudi.

"Umeshiba nini, na hujala tangu jana?" Bibi alicheka, akainama kumweka sawa ukosi wa gauni. Chini ya ukosi vidole vyake vilikuta makombo, laini, ya manjano. Kwa miaka thelathini na mmoja ya kuoka, hakuhitaji kuyaonja ili kujua ni keki ya ngano.

Aliinua macho. Mwanawe alikuwa anamtazama. Alimtikisia kichwa taratibu, akaunganisha viganja kifuani, kama alivyoviunganisha kwenye korido ile ya wodi, siku alipomsihi mama yake aseme ndiye aliyetoa biskuti.

Bibi alivuta kiti, akaketi.

"Mwanangu," alimwita mkwewe, "njoo uone hapa."