Mfungwa Hatari

Mwaka ule wanyama walipojijengea gereza, Fuko alifungwa miaka minne kwa kuchimba chini ya ghala la Simba. Kila asubuhi Ngiri, mkuu wa gereza, alimtuma peke yake, bila mlinzi, akamlimie shamba lake la mihogo. Fuko alipoomba ruhusa ya kwenda shule asubuhi na kurudi jioni, Ngiri huyohuyo aliandika kwenye fomu: “Mfungwa hatari. Asivuke lango.”

Mvua zilipoanza, Ngiri akamwita akapande.

“Siendi, afande. Mimi ni hatari.”

“Nani kasema?”

“Wewe. Saini yako hii, na muhuri wako huu.”

Ngiri alifoka mpaka povu likamtoka. Kisha akaichana fomu, akaandika nyingine: “Mfungwa mwema. Aruhusiwe kutoka. Shambani tu.”