Waliougua Siku ya Mtihani

Kifuniko cha pasi ya mkaa kiligonga gizani, kabla ya adhana ya alfajiri. Mama Siwema akajua bintiye ameamka kunyoosha sare.

Jana Mwalimu Mkuu alikuja mpaka kizingitini, akasema kwa upole, "Mama Siwema, kesho mpumzishe mtoto. Tutaandika anaumwa. Akiufanya mtihani, wastani utashuka, na shule yetu inapimwa kwa huo wastani."

Naye akaitikia, "Haya, mwalimu."

Sasa alimtazama Siwema akipitisha pasi kwenye kola, taratibu, kama anayemwandalia nguo mtu asiyekuwepo. Bawaba ya pasi hiyo iliwahi kukatika, Siwema akaitengeneza mwenyewe kwa waya wa baiskeli. Kwa hilo hakuna aliyempa alama.

"Mama, wale watatu waliougua siku ya mtihani mwaka jana, walipona?"

Tangu siku ile hakuna aliyewaona tena shuleni. Mama alijitanda kanga, akamshika mkono mwanawe, wakatoka.

Barazani mwa darasa walikuta dawati moja limepinduliwa miguu juu, namba ya mtihani ya Siwema bado imebandikwa. Ndani, msimamizi mgeni alikuwa akiita majina.

"Siwema Athumani?"

"Anaumwa," akajibu Mwalimu Mkuu, bila kuinua macho.

Msimamizi akashusha kalamu kwenye karatasi. Mama aliuachia ule mkono mdogo, uliokuwa bado na joto la pasi.

"Mimi siumwi, mwalimu," Siwema akasema.