Maisha ya Kapteni Pym

Bibi Lorna, mtembeza wageni wa nyumba hiyo ya makumbusho, alicheka kidogo, akapangusa vumbi kwenye fremu ya picha, na Clémentine akatafsiri:

"Alipoingia kijijini, aliamuru wanaume wote walale kifudifudi."

Mheshimiwa Thierry aliitazama picha. Mwingereza mwenye masharubu mazito, upanga kiunoni, farasi mweusi nyuma yake. Wazungu hawa hawana haya, aliwaza. Sasa hapo wanacheka nini?

Nyumba ilikuwa ya Kapteni Hartwell Pym, askari wa farasi wa Malkia, aliyekuja Johannesburg kufuata dhahabu akaishia kuwa mbunge. Papa Évariste, mzee wa kanisa, ndiye aliyeshauri waje kuiona. "Huyu alikuwa askari, akageuka mwanasiasa sawa na wewe, Honorable," alimwambia. "Utapata mfano wa kusema kesho kanisani."

Kesho ndiyo iliyomleta. Uchaguzi wa 2018 ulikuwa mlangoni, na Wakongo wa mtaa huo wa Jeppestown walikuwa na ndugu wengi jimboni kwake, Kongo. Kanisa likimwekea mikono, simu zitapigwa nyumbani siku hiyohiyo na kiti ni chake. Lisipomwekea, basi tena. Maana kulikuwa na maneno ya enzi za vita, ya kijiji kimoja, yaliyomfuata kila alikokwenda. Aliyakana redioni, akayakana mbele ya askofu. Yeye, alisema, alikuwa makao makuu ya jeshi tu, akisaini karatasi.

Kiingereza kilimpita kando, kwa hiyo alipewa Clémentine, msusi ambaye kila Jumapili humtafsiria mchungaji sentensi kwa sentensi, kwa Kiswahili cha kanisani. Mchungaji akiinua mkono, naye anainua. Hata leo, Bibi Lorna aliponyoosha kidole, naye alinyoosha.

Bibi Lorna alisema jambo fupi, akijipiga paja kwa kiganja.

"Waliokimbia aliwapiga risasi mtoni," Clémentine alisema. "Walikuwemo wajawazito."

Wazee wa kanisa, waliosimama nyuma, walitazama sakafu.

Mheshimiwa aliigeuzia picha mgongo. Hakuwa na sababu ya kumpenda Kapteni huyu, mkoloni aliyekufa zamani, lakini alijikuta akimtetea.

"Mama, ile ni vita," alisema kwa Kiswahili cha kwao Kongo. "Mu vita, chef wa jeshi anafanya yenye anaweza. Leo batu banahukumu, bamekaa mu kiti."

Bibi Lorna aliendelea, uso umemchangamka.

"Wanawake na watoto aliwafungia kanisani." Sasa Clémentine alikuwa akilia waziwazi, wala hakujifuta. "Akatia kufuli, akawasha moto. Kanisani, Honorable, mbele ya msalaba. Mtu wa kuchoma nyumba ya Mungu ni mtu wa namna gani?"

Mheshimiwa Thierry alikuwa Mkatoliki wa tangu utotoni. Mengine yote angeyameza, lakini hilo lilimkaba.

"Hapana!" alifoka. "Musiongeze! Haikukuwa mu kanisa. Ilikuwa mu depo ya kahawa!"

Wazee wakainua macho kutoka sakafuni, wakamtazama yeye.

Bibi Lorna aliwatazama wageni wake mmoja mmoja, kisha akauliza kwa Kiingereza kama Mheshimiwa amefurahia habari za maskini Kapteni Pym, aliyeangushwa na farasi wake akavunjika mguu, asionje hata vita moja maishani mwake.

"Amefurahi sana," alijibu Papa Évariste kwa Kiingereza safi, na wazee wenzake wote waliokuwa wakimsikiliza na kumwelewa bibi huyo tangu mlangoni wakatikisa vichwa kukubali.